Mwenye Pumu na Dawa ya Kuvuta: Khutba ya Ijumaa ya Mwisho ya Shaabani

KHUTBA YA KWANZA

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, Mola aliyetujaalia pumzi, inayoingia na kutoka usiku na mchana bila ya sisi kuihesabu wala kuilipia. Rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu mliokusanyika hapa Ujiji, nanyi mnaotusikiliza majumbani, sokoni Mwanga, mwaloni Kibirizi na Katonga, na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa hili la Tanganyika, kaskazini na kusini: nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, na kuzichunga amana alizotukabidhi. Mwili ni amana, na pumzi ni katika mwili.

Huenda mtu akastaajabu leo, akasema: Maalim ameyaacha mambo ya mimbari, amekuwa tabibu. Lakini Ramadhani iko mlangoni, na kila mwaka katika siku hizi hunijia watu kuniuliza suala moja. Huja mzee, huja mama na mwanawe, huja kijana wa shule. Hutoa mfukoni kile kichupa cha kuvuta wanachokiita inhela, wakauliza: Maalim, hiki kinafunguza au hakifunguzi?

Niliulizwa suala hilo kwa mara ya kwanza miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, vitabu vimenijaa kichwani na ulimi wangu ni mwepesi. Aliyeniuliza alikuwa mwanamke wa kijiji kimoja kilicho kusini ya mji huu, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye kazi yake ilikuwa kubanika migebuka kwa moshi na kuiuza. Nilimjibu kwa neno moja: kinafunguza. Sikumwuliza anaumwa tangu lini, wala hukitumia mara ngapi kwa siku, wala sikumwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula mchana akalipa siku nyingine. Alinishukuru, akenda zake.

Siku ya tano ya Ramadhani ile, baada ya Alasiri, kifua kilimbana mbele ya moto wake wa samaki. Kichupa alikuwa amekificha chini ya nguo sandukuni, kisije kikamshawishi. Alipokubali kitafutwe, walikihangaikia kwa muda mrefu, na kilipoonekana hakikumsaidia tena. Wakampakia katika mtumbwi wa makasia kumleta mjini. Hakufika.

Mumewe alinijia baada ya siku tatu. Hakuja na ghadhabu, na lau angekuja nayo ningelistahimili zaidi. Aliniambia: "Maalim, wewe ulimjibu alilokuuliza. Lakini wewe hukumwuliza kitu."

Ndugu zangu, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.), tumesimuliwa habari ya mtu aliyepigwa na jiwe akapasuka kichwa safarini, kisha akaamka na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia kwamba hawamwoni kuwa na ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika mno, akawahesabu wale waliomjibu kuwa ndio waliomwua, na akafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Hadithi hii nilikuwa nimeisoma chuoni, na nilikuwa nikiisomesha watoto. Basi mkisikia leo nasema habari za mapafu na madawa, jueni kwamba nimekwenda kuuliza, nimekaa na matabibu, nami nakuleteeni nilichokipata kwa kuuliza.

Pumu si maradhi mapya wala si ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 walikuwapo watu milioni 262 wenye pumu, na kwamba katika mwaka huo huo watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa waliokufa ni wa nchi za kipato cha chini na za kipato cha kati cha chini kama yetu, ambako dawa hazifiki au hazijulikani matumizi yake. Wanavyuoni wetu wa kale wameiandika kwa jina la rabu. Ibn Sina ameieleza katika Kanuni yake. Al-Razi aliandika risala juu ya sababu iliyomfanya Abu Zayd al-Balkhi ashikwe na mafua kila yanapochanua mawaridi, akatambua kwamba kitu kizuri kama harufu ya ua kinaweza kuwa adui wa pua ya mtu. Na Musa bin Maimun, tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika zama za ukoo wa Salahuddin, alitunga kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya pumu kwa ajili ya mgonjwa wake mheshimiwa, akasisitiza ndani yake habari ya hewa safi. Waislamu wale hawakuona haya kumwuliza Myahudi, wala yeye hakuona haya kuwatibu.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Ndani ya kifua mna mirija inayopeleka hewa mapafuni, na inapokwenda ndani huzidi kuwa myembamba. Kwa mwenye pumu, mirija hiyo ina uvimbe ndani yake hata siku anapojiona mzima. Uvimbe huo huifanya iwe na hasira. Likija la kuichokoza, liwe moshi, au vumbi jekundu la kiangazi, au baridi ya alfajiri, au mafua, au kicheko kirefu cha mtoto, misuli inayoizunguka hukaza, ukuta wake huvimba zaidi, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hapo ndipo mnaposikia kifua kinalia kama filimbi.

Na sisi wa mwambao tuna mengi ya kuichokoza. Tunapika kwa kuni na mkaa katika majiko yasiyo na pa kutokea moshi, na mama hupika na mtoto mgongoni. Tunabanika samaki kwa moshi. Mwezi wa Julai hadi Septemba watu huchoma nyasi milimani, hata ng'ambo ya Kongo ikafichika machoni petu kwa ukungu wa moshi. Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani katika upepo na unyevu. Sisemi watu waache kazi zao, kwani riziki ni riziki. Lakini mwenye pumu na akae upande upepo unakotoka, si upande moshi unakokwenda, na jiko lihamie uani penye hewa. Mwenye pumu anayevuta sigara, huyo sina la kumwambia ambalo kifua chake hakijamwambia.

Tuje kwenye dawa. Kwa nini dawa ya pumu ivutwe, na vidonge vipo? Tazameni hesabu hii. Kidonge kimoja cha salbutamoli, kile kinachotolewa sana katika maduka yetu ya dawa, kina miligramu 4. Mpulizo mmoja wa kichupa una mikrogramu 100. Kidonge kimoja basi ni sawa na mipulizo 40. Kidonge hupita tumboni, kikaingia katika damu, kikazunguka mwili wote, moyo ukaenda mbio na mikono ikatetemeka, na mapafu yakapata fungu lao kwa kuchelewa. Mpulizo huenda mahali penye maradhi, na nafuu huonekana katika dakika chache. Miongozo ya tiba ya siku hizi haivitaki tena vidonge hivyo. Nimepita katika vijiji vingi vya mwambao, na mara nyingi nimekuta vidonge vipo na dawa ya kuvuta haipo. Hilo nitalirudia.

Kichupa hiki cha kuvuta hakina umri mkubwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1955 binti mmoja wa Marekani mwenye pumu alimwuliza baba yake, mkuu wa kiwanda cha dawa, kwa nini dawa yake isipulizwe kama dawa ya nywele inavyopulizwa. Mwaka wa pili yake, 1956, kiwanda kile kikatoa kichupa cha kwanza cha kupuliza kipimo kilichohesabiwa. Salbutamoli ikaja mwaka 1969, na beklometasoni ya kuvuta ikafuata mwaka 1972.

Hapo, ndugu zangu, ndipo penye jambo ambalo laiti ningalilijua siku ile. Dawa hizi mbili zote huvutwa, vichupa vyao vinafanana, na kazi zao hazifanani hata kidogo.

Nyinyi ni watu wa vyombo, na mtanifahamu. Mtumbwi ukivuja katikati ya ziwa, mtu hushika kopo akachota maji na kuyamwaga nje. Asipofanya hivyo atazama. Lakini maji yale yatarudi, naye atachota tena, na tena, mpaka mikono ichoke. Kinachoondoa uvujaji ni kukiburura chombo pwani, kikatiwa kalafati katika maungio ya mbao zake. Salbutamoli ni kopo. Hulegeza misuli iliyokaza, mtu akapumua, na nguvu yake hudumu saa nne mpaka sita. Uvimbe wa ndani haiugusi. Beklometasoni ni kalafati. Hutuliza uvimbe wenyewe. Ukiivuta leo hutaona kitu leo, na huenda usione kitu wiki nzima, na kwa hiyo watu wengi huitupa wakisema haifai. Lakini anayeivuta asubuhi na jioni, kila siku, akiwa mgonjwa au mzima, baada ya wiki chache hujikuta amelala usiku kucha bila ya kuamshwa na kifua chake.

Kichupa cha kopo aghalabu ni cha buluu, na cha kalafati aghalabu ni cha hudhurungi. Ila viwanda ni vingi na rangi hubadilika, kwa hiyo msiitegemee rangi. Someni jina, au mpeni mtoto wa shule awasomee: linaloanza kwa herufi SALB ni kopo, linaloanza kwa herufi BECL ni kalafati.

Hatari ya kulitegemea kopo peke yake imeonekana duniani. Katika miaka ya 1960, Uingereza, Australia na New Zealand, vifo vya vijana wenye pumu viliongezeka ghafla, vikahusishwa na dawa moja kali ya kufungua kifua iliyokuwa ikiuzwa katika vichupa vya kupuliza. New Zealand balaa lilirudi tena kuanzia mwaka 1976 kwa dawa nyingine ya jinsi hiyo. Watu walikuwa wakipata nafuu ya saa chache, na chini ya nafuu ile maradhi yakizidi. Kisha mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, lijulikanalo kwa jina la GINA, likatamka wazi kwamba mtu mzima au kijana aliyebaleghe asitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Lazima apate na dawa ya kutuliza uvimbe. Tena wamehesabu: anayemaliza vichupa vitatu vya mipulizo 200 kwa mwaka, hali yake si salama, na anayemaliza kimoja kila mwezi, huyo yuko karibu na mauti kuliko wenzake.

Yule mama wa migebuka alikuwa akimaliza kimoja kila mwezi. Mumewe ndiye aliyenieleza, na siku ile sikujua maana yake.

Iko pia dawa ya tatu, ambayo ndani ya kichupa kimoja zimechanganywa mbili, budesonidi na fomoteroli. Moja yazo hutuliza uvimbe, na nyingine hufungua kifua upesi na ikadumu kiasi cha saa 12. Hiyo yaweza kutumiwa kila siku, na yaweza kutumiwa wakati wa kubanwa, na GINA wameitanguliza mbele ya nyingine kwa watu wazima. Ni ghali kuliko zile, na haipatikani kila mahali. Ambaye hakuipata, bali anavyo vichupa viwili vya kwanza, na pumu yake ni nyepesi, wameruhusu kwamba kila anapovuta salbutamoli avute na beklometasoni pamoja nayo. Na haya yote ayafanye kwa kauli ya tabibu wake.

Watu huniambia: Maalim, hiyo ya hudhurungi ni dawa kali, ukiizoea huachi. Si kweli. Kipimo chake ni kidogo, na kazi yake ni mapafuni. Anayeivuta na asukutue mdomo kwa maji kisha ateme, maana ikibaki kooni huweza kuota ukoga mweupe. Ama kuitumia kila siku, mbona hatusemi kwamba tumezoea kula?

Wengine huacha dawa hizi zote wakashika nyungu. Mwaka 2020, ilipoingia maradhi ya Korona, kujifukiza kulienea nchi nzima, na wengi wamebaki na mazoea hayo. Hufunikwa mtu kwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi na mchaichai, ndani yake moto wa kuunguza. Mwenye mafua huenda akafunguka pua. Mwenye pumu hapati dawa humo, kwa sababu mvuke wa maji hauondoi uvimbe wa mirija, na harufu kali yaweza kumchokoza zaidi. Na watoto wameunguzwa na nyungu hizo, maji ya moto yakawamwagikia. Kuna na wanaovuta moshi wa majani ya mnanaha, mmea ule wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba. Sikatai kwamba mmea huo una kitu ndani yake. Wahindi waliuvuta, Waingereza wakaupata kwao mwanzoni mwa karne ya 19 wakautia katika sigara za pumu, na matabibu wamefuata njia yake mpaka wakatengeneza dawa safi ya kuvuta. Lakini jani lenyewe ni sumu. Halina kipimo, na kinachomfungua kifua huyu humtia wazimu yule. Mwenyezi Mungu ametupa akili tutenganishe dawa na sumu yake, na kazi hiyo imekwisha fanywa. Na habasoda tumefundishwa kheri yake, naitumia nyumbani kwangu, lakini sijamwona mwanachuoni aliyesema kwamba anayeitumia aiache dawa ya tabibu kifua kikimbana.

Sasa nijibu lile suala, na safari hii nilijibu kama inavyopasa.

Wanavyuoni wa zama zetu wamehitilafiana. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jedda mwaka 1997 liliyapitia mambo mengi ya tiba na saumu, likayatolea hukumu. Lakini inhela ya pumu liliiahirisha kwa utafiti zaidi. Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alifutu kwamba haifunguzi, kwa kuwa ni kitu cha kupeperuka kinachokwenda mapafuni, wala si chakula wala si kinywaji wala hakichukui nafasi yake. Wengine wamekipimia na unyevu unaobaki mdomoni baada ya kusukutua kwa udhu, ambao sharia imeusamehe, na mpulizo ni mdogo kuliko huo. Wanaosema inafunguza, na wengi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wako upande huo, wanashika asili ya kwamba kila kitu chenye mwili kinachoingia ndani kwa njia iliyo wazi kinafunguza. Nao wana ushahidi, maana matabibu wenyewe wanasema sehemu kubwa ya mpulizo hubaki mdomoni na kooni, na sehemu ndogo tu ndiyo inayofika mapafuni.

Mimi ni Shafi, na siwachezei watu kwa kuwachagulia iliyo nyepesi. Lakini hitilafu hii haihusu kitu kimoja, nacho ni kwamba aliyebanwa kifua ni wajibu avute dawa yake saa ile ile. Hapo hakuna madhehebu mawili. Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Bakara zimempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na kujiangamiza kumekatazwa. Basi avute. Akishika kauli ya wanaosema haifunguzi, aendelee na saumu yake. Akishika ya madhehebu yetu, au akitaka hadhari, alipe siku moja baada ya Ramadhani, wala hana dhambi hata chembe. Na yule ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupoa wala hawezi kukaa mchana bila ya dawa, atatoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku, na Mola wake ameridhika naye.

Lakini mwenye pumu wa kwetu, kabla ya kuniuliza mimi, na ajiulize nafsi yake: kwa nini nahitaji kopo kila mchana? Dawa ya kalafati huvutwa mara mbili kwa siku. Mara moja baada ya kufuturu, mara moja wakati wa daku. Hapa kwetu mchana wa kufunga ni saa 13 na dakika kidogo, mwaka mzima. Aliyeanza dawa hii wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, akaishika barabara, huenda mwezi ukapita asikihitaji kile kichupa cha buluu mchana hata mara moja, na suala lake lote likaondoka. Ramadhani haijaingia, lakini siku zilizobaki ni chache. Nendeni kwa tabibu mapema, msingoje mwezi uandame.

Haya ndiyo niyasemayo, nami namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ndugu Waislamu, katika khutba hii nitasema mambo machache ya mkono.

Wengi wanaovuta dawa hii hawaijui kuivuta. Huibonyeza mdomo ukiwa wazi, dawa ikapotea hewani au ikagonga ulimi. Tikisa kichupa. Toa pumzi yote taratibu. Bana midomo juu ya mdomo wake, anza kuvuta hewa polepole, na hapo hapo bonyeza mara moja, uendelee kuvuta mpaka kifua kijae. Zuia pumzi kwa kiasi cha kuhesabu kumi. Ukihitaji wa pili, ngoja kidogo, tikisa tena. Na hesabuni mipulizo yenu. Kichupa cha 200 kikifika 200 kimekwisha, hata kama bado kinatoa upepo. Habari ya kukitia katika maji uone kama kinaelea si kipimo cha kutegemewa.

Kwa mtoto, na kwa mtu mzima aliyebanwa sana, kuvuta na kubonyeza kwa pamoja ni kazi ngumu. Mahospitalini hutumia chombo cha katikati kinachoikusanya dawa. Kwa asiyekipata, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inatosha. Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walilijaribu jambo hili kwa watoto waliobanwa na pumu, wakalitangaza mwaka 1999, wakakuta chupa hiyo, ikitengenezwa sawasawa, inafanya kazi kama chombo cha dukani. Hutobolewa tundu kitakoni mwa chupa kwa waya uliopashwa moto, kwa umbo la mdomo wa inhela, ili inhela ikae bila kupitisha hewa. Mtoto hushika shingo ya chupa mdomoni. Bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara nne kwa utulivu, ndipo ubonyeze tena. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila ya kufutwa kwa kitambaa.

Aliyebanwa msimlaze. Mkalisheni wima, mumpe salbutamoli kwa chupa hiyo, mipulizo minne, mmoja mmoja. Asipofunguka, huku mnamtafutia chombo cha kumpeleka hospitali, mrudieni kila baada ya dakika 20, minne mpaka kumi. Asiyeweza kumaliza sentensi, aliyegeuka rangi midomo, aliyesinzia, au ambaye filimbi ya kifua imenyamaza ghafla naye bado anahangaika, huyo msimsubirie mpulizo wa pili pale mlipo. Kunyamaza kule si nafuu. Hewa imekwisha kuzibwa. Enyi wa vijiji vya mbali, mnaotegemea boti, wekeni makubaliano leo ni boti ya nani itakayotoka usiku na nani atakayetoa mafuta. Msiyaweke makubaliano hayo siku ya msiba.

Nimesema nitarudia habari ya dawa kutokuwapo. Dawa zote tatu nilizozitaja zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, maana yake si anasa. Waulizeni wahudumu wa zahanati yenu: ile ya kutuliza uvimbe ipo? Ikiwa haipo, viongozi wa kijiji waiandikie halmashauri, na waandike tena. Na sisi hapa tumekubaliana na kamati ya msikiti kwamba fungu la sanduku la Ijumaa katika miezi mitatu ijayo litanunua vichupa vya beklometasoni kwa wasio na uwezo, kwa cheti cha tabibu, awe Mwislamu au asiwe. Anayeona kwamba zulia jipya lilikuwa bora zaidi, tumesikia hoja yake, na zulia litangoja.

Kesho kutwa, Jumapili baada ya Alasiri, muuguzi atakuwa hapa uani na chupa na waya. Njooni na vichupa vyenu, hata vilivyokwisha, na njooni na watoto.

Jambo la mwisho linahusu nyumba hii. Tunapenda kufukiza ubani na udi siku ya Ijumaa, na manukato ni sunna. Lakini wako watu miongoni mwetu ambao huikosa Ijumaa, au huswali nje juani, kwa ajili ya moshi wa chetezo chetu. Kuanzia leo chetezo kitakaa nje, upande wa ziwa, na kitazimwa kabla ya adhana ya kwanza. Kijana aliyekishika hapo nyuma, kitoe sasa hivi.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwarehemu waliotutangulia, umghufirie aliyejibu bila ya kujua. Utufikishe Ramadhani tukiwa na afya na imani. Amin.

Fungueni madirisha ya upande ule. Wenye pumu wapisheni safu iliyo karibu na mlango. Simameni kwa Swala.